Msikiti Hapa, Kanisa Pale: Nani Aulizwe Kabla ya Msingi Kuchimbwa?

Magongo ni mtaa ambao kiwanja hakikai kitupu siku nyingi. Ardhi iliyosalia baina ya barabara iendayo uwanja wa ndege na mitaa ya Chaani, Migadini na Port Reitz ni haba, na wanaoitamani ni wengi: yupo atakaye kujenga vyumba vya kupangisha, yupo mwenye gereji, yupo mwenye baa, na wapo watu wa dini. Inapotokea kamati ya msikiti au wazee wa kanisa wakakipata kiwanja, matofali huwa hayajashushwa na maneno yamekwisha anza. Jirani mmoja hushukuru kwamba sasa atasali karibu na nyumbani kwake. Jirani wa pili huuliza, mara nyingi nyuma ya mlango wake na si mbele za watu: kwa nini hapa?

Swali hilo halifai kudharauliwa, wala halifai kuogopwa. Ugumu wake ni kwamba limebeba maswali mawili kwa maneno yale yale. Pengine aulizaye anakusudia mambo ya ujirani: magari ya Ijumaa au ya Jumapili yatasimama wapi, spika itaelekezwa upande gani, kiwanja ni cha nani kwa haki. Pengine anakusudia watu wenyewe: kwamba hawatakiwi karibu naye kwa kuwa ni Waislamu, au kwa kuwa ni Wakristo, au, na hili tutalifikia, kwa kuwa ni Waislamu wasiosoma maulidi kama asomavyo yeye. Swali la kwanza lina jibu, na jibu lake ni kazi ya kufanywa. Swali la pili halina haki ya kuzuia msingi wa mtu, hata likiulizwa na mtaa mzima, na hata tukiwa sisi ndio tunaouliza.

Maneno hayo ya mwisho ni mazito kwa wasomaji wa jarida hili, na ndiyo maana yanahitaji kusemwa. Waislamu wa Mombasa tumo katika hali mbili kwa wakati mmoja. Katika mji huu tuna historia ya karne nyingi, na mtu hujihisi mwenyeji. Katika Jamhuri ya Kenya kwa jumla sisi ni wachache. Kijana wa Magongo akihamishwa kikazi kwenda Nyeri au Kisii, yeye ndiye atakayekuwa jirani mgeni anayetafuta chumba cha kusalia, na kipimo tulichokitumia huku ndicho tutakachokiomba kule.

Magongo yenyewe haina dini inayoweza kuambiwa irudi kwao. Changamwe lilikuwa jina la watu kabla ya kuwa jina la stesheni: Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Miji Mitatu, ambao kwa kuungana na Miji Tisa hufanya Thenashara Taifa ya Waswahili wa Mombasa. Kisha mwaka 1896 ikaanza kujengwa reli kutoka Mombasa kwenda bara, nayo ikavuka Makupa na kupita hapa. Reli ikaleta watu wa kazi, bandari ya Kilindini ikaleta wengine, kiwanda cha kusafisha mafuta na uwanja wa ndege vikaongeza idadi. Wachonga vinyago wa Kikamba wakaanzisha chama chao cha ushirika papa hapa, karibu na njia ya Port Reitz. Watu hao hawakuja na nyundo na patasi peke yake. Walikuja na Biblia zao na nyimbo zao, wakazaa na kuzika. Mtoto wa tatu au wa nne wa ukoo huo hana Machakos ya kurudi. Kwao ni Magongo.

Sheria inavyosema

Kuna ahadi moja ambayo watu wa Pwani huikumbuka nusu. Kabla ya uhuru, ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa bado, kwa jina, milki ya Sultani wa Zanzibar. Mnamo Oktoba 1963, katika mapatano ya kuukabidhi ukanda huo kwa Kenya, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte Hamadi, waliandikiana barua. Humo Waislamu wa Pwani waliahidiwa uhuru kamili wa ibada, kubaki kwa makadhi, na kuhifadhiwa kwa majengo yao ya dini. Hayo huyasikia kila mtu barazani. Lakini barua hizo zilitanguliza jambo jingine: kwamba uhuru wa kufuata dini yoyote ile utalindwa wakati wote. Ahadi ya Waislamu ilisimama juu ya ahadi ya watu wote.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imelipokea jambo hilo kwa lugha yake. Ibara ya 8 yasema dola haina dini. Ibara ya 32 yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, peke yake au pamoja na wenziwe, faraghani au hadharani, kwa ibada, mafundisho na kuadhimisha siku ya ibada. Ibara ya 27 yakataza ubaguzi kwa sababu ya dini. Uhuru huo waweza kuwekewa mipaka, lakini Ibara ya 24 yataka mpaka wenyewe uwe wa kisheria, uwe na sababu ya maana katika jamii huru, na usizidi haja iliyouleta.

Mipaka ya namna hiyo ipo, na iko karibu nasi kuliko Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti kazi ya mipango ya ardhi na kazi ya kudhibiti kelele na kero za umma. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yamtaka atakayejenga, au atakayegeuza matumizi ya kiwanja, aombe kibali cha kaunti, autangazie umma mradi wake, na kuwaalika wenye pingamizi wazipeleke kwa afisa husika. Sheria hiyo haiutofautishi msikiti na kanisa, wala haimwulizi mjenzi dini ya aliye jirani naye. Yauliza kiwanja, jengo, njia na mazingira. Anayepinga ni lazima alete jambo linaloweza kupimwa: upana wa njia, maji taka, kelele za usiku, umiliki. Kwamba moyo wake hautaki si jambo la kupimika, na mimi naona ni vyema sheria ikaliacha nje.

Hata hivyo kisheria tu hakutoshi. Mtu aweza kuwa na kibali chenye mhuri na bado akawa jirani mbaya.

Waliotutangulia katika Pwani hii

Mwaka 1844 Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, aliwasili Mombasa akiwa na barua ya Sayyid Said bin Sultan, iliyowataka maliwali wake wamtendee wema. Mtawala huyo alikuwa Mwislamu, na alijua alichokuja kufanya mgeni wake. Mwaka ule ule Krapf alimzika mkewe na mtoto wao mchanga katika bara ya Kisauni, upande wa Nyali. Alipotaka kituo, mwaka 1846, akiwa na mwenziwe Johannes Rebmann, hakuitegemea ile barua ya Sultani peke yake. Alikwenda Rabai akazungumza na wazee wa kaya, nao wakamkubali. Ruhusa ya juu alikuwa nayo. Ya chini aliiomba. Mpango wa namna hiyo bado haujapatiwa mbadala ulio bora.

Miaka isiyofika thelathini baadaye mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1875 misheni ya Kianglikana ilinunua ardhi Kisauni, mkabala na kisiwa, ikaanzisha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele iliyotundikwa huko ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Wakubwa wengi wa Mombasa walikasirika, na mnamo 1880 nusura mji huo ushambuliwe. Ukizisikiliza lawama za wakati ule utaweza kudhani ni ugomvi wa msalaba na mwezi mwandamo. Kilichouma hasa kilikuwa mali: watumwa walikuwa wakiyakimbia mashamba na kujificha misheni, na wenye mashamba walitaka warudishwe. Hisia za umma zilikuwepo, zilikuwa kali, na hazikuwa za haki. Ni vizuri tulitaje hili sisi wenyewe katika karatasi yetu, kwa kuwa neno "hisia za wenyeji" hutumiwa siku hizi kama kwamba likishatamkwa, mjadala umekwisha.

Unguja ilikuwa na mtihani mkubwa kuliko huo. Mnamo Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said, akibanwa na Waingereza na manowari zao, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, juu ya ardhi ile ile, ukawekwa msingi wa kanisa kuu la Kianglikana, chini ya Askofu Edward Steere. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Fikiri jambo hilo kwa macho ya mtu wa mjini wa zama zile. Mji wa Waislamu, mtawala Mwislamu aliyetoka kulazimishwa, na katikati ya nyumba zao lainuka kanisa, mahali panapowakumbusha kila siku biashara ambayo baadhi yao walikuwa wakiila. Kama pana kiwanja ambacho mtu angeweza kusema "pahala popote ila hapa", ni kile.

Husimuliwa Unguja kwamba Sayyid Barghash aliomba jambo moja: mnara wa kanisa usipite urefu wa Beit al-Ajaib, jumba lake la kifalme. Na husimuliwa kwamba saa ya mnara huo aliitoa yeye. Kanisa lipo mpaka leo, na mnara wake una saa. Sisemi kwamba Sayyid alikuwa huru kukataa, pengine hakuwa. Natazama alichokiomba. Katika masimulizi hayo hakuomba kanisa lihamishwe. Aliomba kimo.

Hapa Mombasa mfano wake ni mtulivu zaidi. Kanisa la Ukumbusho la Waanglikana, lililowekwa wakfu mwaka 1905 na linalosimama katika barabara ya Nkrumah, limejengwa kwa kuba na matao ya mtindo wa Kiarabu, hata mgeni akilitazama kwa mbali hulidhania msikiti. Waliolijenga walitaka kanisa lao lifanane na mji waliolikuta. Hakuna sheria iliyowalazimisha.

Swali lililofika New York

Jambo la Mkunazini lilijirudia mwaka 2010 katika nchi ya mbali, na safari hii Waislamu ndio waliokuwa wajenzi. Imam Feisal Abdul Rauf na wenziwe walitaka kujenga kituo cha Kiislamu katika mtaa wa Park Place, mjini New York, hatua chache kutoka mahali palipokuwa na majumba mawili yaliyoangushwa tarehe 11 Septemba 2001. Kiwanja kilikuwa chao kwa haki, na watu walikuwa wakisali ndani ya jengo kuukuu lililokuwapo. Tarehe 3 Agosti 2010 tume ya mji inayohifadhi majengo ya kihistoria ilipiga kura, 9 kwa 0, kwamba jengo hilo halistahili kulindwa, na kwa hivyo laweza kubomolewa. Meya Michael Bloomberg, ambaye ni Myahudi, aliwatetea Waislamu waziwazi. Baadhi ya jamaa za waliouawa walipinga kwa uchungu. Wengine katika jamaa hao hao waliunga mkono.

Siku kumi baadaye, katika futari ya Ikulu ya Marekani, Rais Barack Obama alisema Waislamu wana haki ya kujenga pale. Kesho yake akaeleza kwamba hakuzungumzia kama ni busara kujenga pale. Alidhihakiwa kwa kugeuka, lakini mimi naona siku mbili hizo zilieleza jambo zima kuliko kelele zote zilizofuata. Haki ni moja, busara ni nyingine, na mwenye kuchagua busara ni mwenye haki mwenyewe. Jirani aweza kumwomba, kumshauri, hata kumlaumu. Hawezi kumnyang'anya. Kituo kile mwishowe hakikujengwa kama kilivyopangwa; mahali pake pakainuka mnara wa fleti.

Uswisi ilikwenda njia nyingine. Tarehe 29 Novemba 2009 wananchi wake walipiga kura, na asilimia 57.5 wakakubali kuharamisha ujenzi wa minara ya misikiti, katika nchi iliyokuwa na minara minne tu. Sultani wa Unguja aliomba mnara mmoja usizidi jumba moja. Waswisi waliandika katika katiba yao katazo linaloihusu dini moja peke yake, na minara ya makanisa ikabaki kama ilivyo. Hapo swali la ujirani limekwisha, limebaki swali la watu.

Pale maneno yanapogeuka moto

Tusidhani hayo ni ya Wazungu. Mwishoni mwa mwaka 2000, katika mtaa wa South B mjini Nairobi, ugomvi wa ardhi iliyo karibu na msikiti baina ya vijana wa Kiislamu na wenye vibanda vya biashara uligeuka vita. Msikiti ukachomwa, na kisha kanisa Katoliki la Our Lady Queen of Peace nalo likachomwa. Chanzo kilikuwa vibanda. Kama pangekuwa na hati iliyo wazi, mpaka uliopimwa, na mtu wa kusikilizwa mapema, ugomvi ule ungekufa ukiwa ugomvi wa vibanda.

Mombasa nayo ilionja. Baada ya kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo mwezi wa Agosti 2012, na tena Oktoba 2013 baada ya kuuawa kwa Sheikh Ibrahim Omar, makanisa yalishambuliwa na vijana wenye hasira, na kanisa la Salvation Army la Majengo likatiwa moto. Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni siku ya Jumapili wakaua waumini. Novemba ya mwaka huo polisi walivamia na kufunga misikiti minne, Musa na Sakina ya Majengo, Swafaa na Minaa ya Kisauni, kabla ya kufunguliwa tena baadaye. Wazee waliokwenda kusali Alfajiri wakakuta kufuli, nao hawakuwa na bunduki wala bomu. Katika miaka ile kila upande ulijifunza jinsi inavyouma nyumba ya ibada kuadhibiwa kwa kosa la mtu. Mwislamu aliyeudhika kwa kufuli ya Masjid Musa ana kila sababu ya kumwelewa Mkristo aliyekuta mabati ya kanisa lake yameungua.

Dini yetu inavyotufunza

Mtume Muhammad (S.A.W.) alipofika Madina, pahala palipochaguliwa kwa msikiti palikuwa pa mayatima wawili, Sahl na Suhail, wa ukoo wa Bani Najjar. Walitaka kumpa bure. Alikataa, akapanunua. Kamati nyingi za misikiti zinazosimulia kisa hiki katika darsa zingefaa kukisoma tena siku ya kununua kiwanja, hasa katika mji kama huu ambamo, kwa desturi ya zamani, nyumba yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba swala iliyosaliwa katika ardhi ya kunyang'anywa ni sahihi lakini mwenye kusali anapata dhambi. Imam Ahmad katika kauli yake mashuhuri aliona haisihi kabisa. Kwa hivyo hati miliki si karatasi ya wakili tu. Nayo wakfu haiwi wakfu kwa mtu kutoa kisicho chake.

Qurani katika Surat al-Hajj imezitaja nyumba za watawa, makanisa, mahekalu ya Mayahudi na misikiti kwa pamoja, kuwa mahali Mwenyezi Mungu anapotajwa, na ikataja kubomolewa kwake kuwa balaa ambalo watu huepushwa nalo. Wakristo wa Najran walipomjia Mtume Madina, waandishi wa sira wanasimulia kwamba saa ya ibada yao ilipofika waliachwa wasali ndani ya msikiti wake. Na Said bin Batriq, patriaki Mkristo wa Aleksandria, aliandika kwamba Khalifa Umar (R.A.) alipoingia Baitul Maqdis alikataa kusali ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, asije Mwislamu wa baadaye akalichukua kwa hoja kwamba Umar alisali humo. Haki ya kusali pale alikuwa nayo kwa nguvu za ushindi. Akatoka nje.

Lipo na jambo la Masjid Dhirar, lililotajwa katika Surat at-Tawba: msikiti uliojengwa kwa kudhuru na kuwagawa waumini, ukabomolewa kwa amri ya Mtume. Kisa hiki chataka uangalifu, kwa kuwa katika Pwani yetu kimetumiwa vibaya. Kikundi kimoja hukasirishwa na kingine kwa ajili ya maulidi, au kunuti, au uongozi wa kamati na fedha zake, kikajitenga na kujenga msikiti mpya kiasi cha kutupa jiwe, na aliyebaki humwita mwenziwe mtu wa Dhirar. Wale wa zamani walikuwa wakitambuliwa kwa wahyi. Sisi hatuna wahyi. Tuna fikihi, nayo yatuambia, katika madhehebu ya Shafii, kwamba asili ni Ijumaa moja katika mji mmoja ila kwa haja, kama vile msongamano. Misikiti miwili inayokabiliana spika zake saa moja, khutba juu ya khutba, haiwaudhi Wakristo peke yao. Humwudhi mgonjwa Mwislamu aliye katikati yao.

Kazi iliyoko Magongo

Tukirudi nyumbani, malalamiko mengi yanayosikika mitaani ni ya ujirani, na yanatatulika. Mkristo hulalamikia adhana ya Alfajiri. Mwislamu hulalamikia kesha la Ijumaa usiku, ngoma na spika hadi saa kumi alfajiri, na watoto wanakwenda madrasa asubuhi. Kila mmoja husema ya mwenziwe ni kelele na yake ni ibada. Adhana ni ya dakika chache, na ndiyo mwito wenyewe; hiyo ina hoja nzito. Lakini darsa, kisomo na mawaidha ya saa nzima kupitia spika za nje havina hoja hiyo, kwa sababu waliokuja kusikiliza wamo ndani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinamhusu imamu kama zinavyomhusu mchungaji na mwenye baa. Kamati itakayozizima spika za nje baada ya adhana haitakuwa imepunguza dini yake kitu, na itakuwa na uso wa kumwendea mchungaji kuzungumzia kesha.

Magari ni kero ya pili. Njia za ndani za Magongo hazikukatwa kwa ajili ya mamia ya watu kufika kwa saa moja, na gari la wagonjwa haliwezi kusubiri watu watoe salamu. Hili ni la kufikiriwa wakati ramani inachorwa, si baada ya paa kuezekwa. Kadhalika maji ya udhu yanakokwenda, na mlango wa wanawake unakofungukia. Mara nyingi mlango huo hufunguka uani kwa jirani ambaye hakuulizwa hata siku moja.

Kina mama ndio wanaoyajua haya mwanzo. Wanaazimana sufuria, wanapelekana sukari siku ya msiba, na ndio wanaoambiwa na mama wa nyumba ya pili kile ambacho mumewe hatakisema kwa imamu. Kamati nyingi za ujenzi hazina hata mwanamke mmoja. Kabla ya msingi, watu wawili au watatu wa kamati, miongoni mwao mama mmoja, wangepaswa kupita nyumba zinazokizunguka kiwanja, za Waislamu na za wasio Waislamu, na ramani mkononi, wakauliza ni lipi litakalowaudhi. Wataudhika wengine kwa lisilo na dawa, na hao watasikilizwa kwa adabu tu. Lakini wengi watataja dirisha, bomba, taa ya mnara inayomulika chumbani. Hayo hugharimu kidogo wakati huo na mengi baadaye. Na kanisa linapokuja kujengwa karibu nasi, tuna haki ya kuulizwa vivyo hivyo, na wajibu wa kujibu kwa mambo ya namna hiyo hiyo: dirisha, bomba, taa. Watoto wetu husikia tunavyolizungumza kanisa hilo tukiwa mezani, kisha Jumatatu wanakaa dawati moja na watoto wa wanaosali humo.

Pakiwa na mvutano usiokwisha kwa mazungumzo, Mombasa ina baraza la viongozi wa dini mbalimbali wa Pwani, ambamo maimamu na maaskofu hukutana, na si lazima lingojee moto ndipo liitwe. Kwa upande wa serikali, mwenye pingamizi huipeleka kwa maandishi kwa kaunti baada ya mradi kutangazwa. Asiyeridhika na uamuzi wa kibali, awe mjenzi au jirani, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango ya matumizi ya ardhi, na baada ya hapo kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inakaa hapa hapa Mombasa.